Maswali ya Wasomaji: Saratani ya Ubongo na Maabara ya Fani Nyingi

SWALI: Mpendwa Daktari, pokea salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 54, alianza kuumwa kichwa kila alfajiri, kisha akapatwa na kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho maishani. Tulipompeleka Dar es Salaam tukaambiwa ana uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma. Ameshapasuliwa, na sasa anatakiwa kuanza mionzi pamoja na vidonge. Juzi mpwa wangu alituonyesha katika simu habari ya maabara moja ya ng'ambo ambamo madaktari, wahandisi, wanafizikia na wanahisabati wanafanya kazi pamoja, nao wameimaliza saratani hiyo kwa panya. Baadhi ya ndugu wanashauri tuahirishe mionzi na tuuze kiwanja ili kaka apelekwe huko. Je, habari hiyo ni ya kweli, na inafaa tusubiri? (Dada wa mgonjwa, Barabara ya Nane)

JIBU: Pole sana, dada yangu, na kaka mfikishie salamu zangu. Nianze na lile lisilongoja: msiahirishe mionzi. Tiba aliyoandikiwa kaka yako ndiyo iliyothibitishwa mwaka 2005 katika utafiti uliohusisha wagonjwa 573, ambapo waliopata mionzi kwa wiki sita pamoja na vidonge vya temozolomidi walilinganishwa na waliopata mionzi peke yake. Katika kundi la kwanza, waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa zaidi ya robo. Katika kundi la pili walikuwa mmoja tu katika kila kumi. Tiba hiyo haiondoi ugonjwa moja kwa moja, na sitakuficha hilo, lakini uvimbe huu hukua haraka, na wiki zinazopotea katika kutafuta wanunuzi wa kiwanja hazirudi.

Habari ya panya huenda ni ya kweli kabisa, ila ina maana ndogo kuliko mlivyoipokea. Mara nyingi seli za uvimbe wa binadamu hupandikizwa katika panya asiye na kinga ya mwili, zikakua hapo kama donge lenye mipaka, na donge la namna hiyo huweza kuyeyuka kwa dawa nyingi. Katika ubongo wa binadamu mambo huwa mengine. Aliyewahi kulima shamba lenye ndago atanielewa upesi: unang'oa majani yote, shamba linaonekana jeupe, lakini vitunguu vyake vidogo vimebaki chini ya udongo, na baada ya mvua mbili ndago imerudi. Seli za glioblastoma husafiri kwa kufuata nyuzi za neva na mishipa ya damu hadi mbali na mahali ambapo kisu cha mpasuaji kimefika, nazo huwa hazionekani katika kipimo cha MRI. Wakemia na wapasuaji walishirikiana kutengeneza dawa ambayo mgonjwa huinywa saa chache kabla ya upasuaji, ili seli za saratani zing'ae rangi ya waridi chini ya taa ya buluu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Ujerumani ulionyesha kuwa kwa msaada wa dawa hiyo wapasuaji waliweza kuondoa uvimbe wote unaoonekana kwa asilimia 65 ya wagonjwa, badala ya asilimia 36. Hata hivyo, vitunguu vya ndago vilivyo mbali hubaki.

Kikwazo cha pili ndicho kilichowaingiza wanafizikia maabarani. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hutia kalafati kati ya mbao ili maji yasipenye, na mishipa ya damu ya ubongo imeumbwa kwa mfano huo: seli za kuta zake zimebanana mno, kiasi kwamba sumu hazipiti, na dawa nyingi za saratani hazipiti pia. Dawa inayoua seli zote katika kisahani cha kioo inaweza kuzunguka katika damu ya mgonjwa mwaka mzima bila kufika inapohitajika. Mwaka 2015 watafiti wa Toronto, Kanada, walitumia kwa mara ya kwanza mawimbi ya sauti yasiyosikika, yaliyoelekezwa kupitia fuvu bila kulipasua, yakatikisa viputo vidogo vilivyokuwa vimetiwa katika damu na kuilegeza kalafati hiyo kwa saa chache. Kuyalenga mawimbi ndani ya fuvu lenye unene usio sawa, bila kuunguza wala kuvujisha damu, ni kazi ambayo daktari peke yake hawezi. Majaribio kwa wagonjwa yangali yanaendelea.

Jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza zaidi lilichapishwa mwaka 2019. Kundi moja la Stanford, Marekani, na jingine la Heidelberg, Ujerumani, yaligundua kwamba neva za ubongo hujiunganisha na seli za saratani kama zinavyojiunganisha zenyewe kwa zenyewe, na umeme wa kawaida wa ubongo, ule ule unaotuwezesha kufikiri na kuzungumza, huzichochea seli hizo zikue. Wataalamu wa saratani wasingeliona hilo kamwe bila wataalamu wa neva waliozoea kupima umeme wa seli moja moja. Sasa hata dawa ya kifafa iliyokwisha kuwapo inajaribiwa dhidi ya uvimbe huu. Nasisitiza neno «inajaribiwa»: dawa za kifafa alizopewa kaka yako ni za kuzuia kifafa, na asiongezewe wala kupunguziwa bila idhini ya daktari wake.

Kuhusu kusubiri, fikirini muda ambao mambo haya huchukua. Badiliko la kinasaba kiitwacho IDH liligunduliwa katika uvimbe wa ubongo mwaka 2008, na dawa ya kwanza ya kidonge inayolenga badiliko hilo katika aina za uvimbe zinazokua polepole iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2024. Ni miaka 16, na glioblastoma haimo katika aina hizo. Sisi wa mkoa wa Tanga tuna mfano wa karibu zaidi: watoto wa Korogwe walishiriki katika majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria yaliyoanza mwaka 2009, lakini Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana mwezi Oktoba 2021. Kama baadaye kutakuwa na jaribio linalopokea wagonjwa wa aina yake, daktari wa kaka yako ndiye atakayejua kama anastahili, na kwa kawaida aliyekwisha kupata tiba ya msingi hakataliwi kwa sababu hiyo. Kiwanja kiacheni kwanza. Gharama za kukaa Dar es Salaam kwa wiki sita za mionzi zitawatosha.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Muheza, na ninasoma fizikia, kemia na hisabati. Walimu wananiambia kwamba bila biolojia siwezi kuchangia katika tiba ya saratani. Je, ni kweli?

JIBU: Hutaweza kuwa daktari kwa njia hiyo, na hapo walimu wako wana haki. Katika maabara ni habari nyingine. Temozolomidi, vidonge vilivyotajwa hapo juu, vilitokana na kazi ya mwanakemia Malcolm Stevens na wenzake katika Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, Uingereza. Mwanahisabati Kristin Swanson wa Marekani ametumia milinganyo kukadiria kwa kila mgonjwa mambo mawili, yaani kasi ambayo seli huzaliana na kasi ambayo husambaa, ili daktari ajue kama uvimbe anaouona katika picha ni sehemu kubwa ya ugonjwa au ni ncha tu. Kuna pia kifaa kinachobandikwa kichwani kilichonyolewa, kikipitisha nguvu ya umeme inayobadilika mara laki mbili kwa sekunde, nacho huvuruga seli zinapogawanyika. Katika utafiti wa wagonjwa 695 uliochapishwa mwaka 2017, kiliongeza takriban miezi mitano ya maisha. Endelea na masomo yako, ila jifunze biolojia ya seli taratibu, kwani mhandisi asiyejua seli ni nini huishia kutengeneza vyombo ambavyo hakuna aliyeviomba.

SWALI: Kipande cha uvimbe kinachotolewa wakati wa upasuaji huenda wapi? Je, watafiti wanaweza kukichukua bila kutuuliza? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Kwanza huenda kwa mtaalamu wa patholojia, ambaye hukihifadhi katika kibonge cha nta na kukikata vipande vyembamba vya kutazama kwa hadubini. Kukitumia kwa utafiti ni jambo jingine, linalohitaji ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili. Kwa hapa nchini utafiti wa tiba hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kituo chake cha Tanga na kile cha Amani. Maabara hutamani sana tishu mpya kama hizo, na sababu yake inafaa kuelezwa. Seli ziitwazo U87, zilizoanza kukuzwa Uppsala, Uswidi, katika miaka ya 1960, zimetumika katika utafiti mwingi mno wa saratani ya ubongo, lakini mwaka 2016 ilithibitishwa kwamba zile zinazosambazwa duniani hazilingani na uvimbe wa mgonjwa zilikosemekana kutoka. Mkiombwa ridhaa, ulizeni kipande kitatumika kwa nini na kitahifadhiwa muda gani, na mnaweza kukataa bila tiba ya mgonjwa kupunguzwa. Lakini kibonge cha nta na ripoti yake msiviache nyuma mgonjwa anapohamishiwa hospitali nyingine, kwa kuwa bila hivyo daktari mpya hana cha kupima vinasaba.