Kikundi cha kusuka ukili: kura iwe sawa, malipo yafuate kazi

Dada, umesema mikeka yenu inauzika lakini kila mkigawana pesa mnagombana. Niko kwenye ushirika wa kusuka ukili, ile mikanda inayoshonwa kuwa mkeka, miaka mingi, na nakwambia bila kuzunguka: kinachowagombanisha ni kugawana sawa kwa sawa. Kura ndiyo iwe sawa, mwanachama mmoja kura moja. Pesa ifuate kazi. Hata waasisi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, waligawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama, si kwa vichwa.

Sasa kazi yenyewe mnaipimaje? Sisi tulipima ukili kwa pima ya mikono, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Akipokea mwenye mikono mirefu, msukaji anapunjika; akipokea mwenye mifupi, ushirika unapunjika. Tukakata ufito mmoja, ukawa ndio pima ya wote. Kelele zikapungua sana. Lakini urefu peke yake hautoshi: ukindu (majani ya mkindu ya kusukia) uliochanwa mwembamba unakula muda mwingi, kwa hiyo ukili wake una bei yake. Wanaoshona mkeka kwa sindano nao wana malipo yao.

Rangi msimwachie kila mtu achemshe kwake. Mnunuzi akiagiza mikeka inayofanana, nyekundu ya sufuria hii haitalingana na ya sufuria ile. Chemsheni pamoja, ndipo mgawane ukindu uliokwisha kutiwa rangi.

Mpokeaji aushike ukili, aukunje. Ukiwa na unyevu, arudishe papo hapo. Ukindu ukikaukia kwenye mkeka husinyaa, mianya inafunguka. Na mzigo ukifungwa mbichi unaota ukungu njiani. Kumrudishia mwenzako kazi kunauma, hasa ukijua anasubiri ada ya mtoto. Mimi nimerudisha, na ningerudisha tena, maana mzigo mmoja wenye ukungu unawakosesha oda wote.

Jambo la mwisho, lipeni siku ya kukabidhi, hata kama ni nusu. Mwanamke akisubiri miezi atamuuzia mlanguzi, na simlaumu hata kidogo. Nusu iliyobaki iandikwe daftarini mbele yake, alipwe mkeka ukiuzwa.

Mnunuzi wenu anatanguliza chochote anapoagiza? Kama hatangulizi, hiyo nusu itabidi itoke kwenye hisa zenu, na hapo ni lazima mkae kikao mkubaliane kiasi kabla ya kupokea oda nyingine.