Muulize Matroni: Kabla hujanunua mrija wa chuma

*Shikamoo Matroni. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Moshi. Tumepanga geto wasichana wanne, Soweto. Klabu ya mazingira ya chuo imetupa orodha ya vitu vya kununua ili tuishi bila kuharibu mazingira: chupa ya chuma, mrija wa chuma, mswaki wa mianzi, mfuko wa turubai. Nimepiga hesabu, bumu langu (hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali) halifiki. Kila mmoja wetu anapika kivyake kwa mkaa wa kopo, na wiki ya mwisho kabla bumu halijaingia ni pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku. Nisiponunua, mimi ndiye mharibifu? — Msomi wa Bumu, Soweto*

Marahaba, mwanangu. Hiyo orodha ikunje, uiweke chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Miaka yote niliyokaa na funguo za bweni sikuona mrija ukitusumbua. Kilichotusumbua kilikuja kila Julai. Mitihani ikiisha, kila mtu anawahi basi, na nyuma ya mabweni yanabaki magodoro, ndoo nzima kabisa, mabeseni, hanga, majiko ya mkaa ya mwaka mmoja. Vingine vinachomwa palepale. Godoro la sponji likiwaka, majirani wote wanafunga madirisha. Halafu ikifika Novemba, mwaka wa kwanza wanashuka stendi na mzazi, wanapitia soko la Mbuyuni kununua godoro, ndoo, beseni na hanga. Mzazi ameuza ndizi ili mtoto anunue kitu ambacho kilichomwa miezi minne nyuma!

Klabu yenu ikitaka kazi ya maana, iombe chumba kimoja cha stoo. Anayeondoka aache vyombo vyake humo vikiwa safi, godoro likiwa limeanikwa juani siku mbili mbele ya macho ya mtu anayejua kunguni. Anayeingia achukue, alipe kidogo cha sabuni na kufuli. Chupa ya chuma inaweza kusubiri. Hiyo ya plastiki uliyonayo ioshe uendelee kuitumia mpaka ianze kuchakaa. Mfuko wa turubai wa nini, wakati kila nyumba ina kikapu? Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mama zenu walirudi kwenye vikapu bila semina. Kilichobaki ni vile vinailoni vya chipsi. Nenda na hotpoti yako. Muuza chipsi atakucheka siku ya kwanza, siku ya pili atakujazia.

Sasa niseme la jikoni, maana hapo ndipo hela yenu inapoungua. Watu wanne, majiko manne, sufuria nne za wali, kila mtu anapuliza lake. Kilo moja ya mkaa unaochomwa kwenye tanuri la udongo hutoka kwenye kilo sita za kuni au zaidi, na wewe unautumia kuchemsha kikombe kimoja cha mchele. Bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Ukila peke yako haitoshi. Mkiwa wanne kwenye sufuria moja, mnabaki na ya vocha.

Wekeni zamu ya kupika. Changeni mnunue mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa pamoja, na mwandike kwenye karatasi nani atabaki nao mkihitimu, kwa sababu nimeamua ugomvi wa mitungi mingi kuliko ugomvi wa wachumba. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi mwishoni mwake. Nyinyi wanne hamna haja ya kusubiri.

Ila gesi haipendi makande. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa moto mkali nusu saa nzima (usikatishe hapo, maharage yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo), kisha funika sufuria, izungushie blanketi zee ndani ya kapu na uende kipindi. Ukirudi yameiva au yamebakiza kidogo tu, na moto ulizima asubuhi.

Na baridi ya Julai isikudanganye ukaingiza jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha. Ile hewa inayoua haina harufu wala rangi, na mkaa ulioshika vizuri, usiotoa moshi, ndio unaokutuliza mpaka ulale. Vaa sweta. Sokoni Memorial yapo ya mitumba ya kila saizi.

*Matroni, niko Arusha. Nanunua maji ya chupa ndogo kila siku kwa kuogopa meno kuwa ya kahawia. Mwenzangu anasema nichemshe ya bomba, niache kujaza dunia chupa. — Meno Meupe, Njiro*

Mwenzako ana nia njema, lakini kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floridi, yale madini ya majini yanayotia meno ukahawia. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale na ukali unaongezeka. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru vinauvuka, kwa sababu ya miamba ya volkano. Watu wa huko wamehangaika nayo muda mrefu: kituo cha Ngurdoto wanachuja kwa mifupa iliyochomwa, na Dokta Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake.

Kwa hiyo usiache woga wako, acha chupa ndogo. Changeni chumba kizima mnunue jagi kubwa la kurudisha dukani, maji yake yawe ya kunywa na kupikia tu. Kuoga na kufua, bomba linatosha.

*Shikamoo. Tunataka kutenganisha taka hosteli lakini wenzetu wanachanganya tena. Tumechoka. — Viongozi wa Bweni, Moshi*

Marahaba. Acheni ndoo tano za rangi tano. Tenganisheni maganda peke yake. Hapo jirani hakosi mtu mwenye ng'ombe wa ndani au nguruwe. Mwambieni aje na kiroba kila jioni, atakuja hata mvua ikinyesha. Chupa tupu waachieni wanaookota, wanaziuza kwa kilo. Na mtu mmoja akague maganda kabla hayajatoka, asiachie nailoni wala wembe. Ng'ombe akifa, mwenyewe atakuja na mwenyekiti wa mtaa.