Soko la Watumwa la Natchez: Kwa Nini Lilikuwa Nje ya Mji?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba soko la watumwa la Natchez, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, lilikuwa nje ya mpaka wa mji. Je, wenyeji waliionea haya biashara hiyo? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, haya haikuwamo kabisa, soko lilihamishwa na hofu ya kipindupindu.

Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kuanzia mwaka 1808, lakini kwa kuwa mashamba ya pamba ya Kusini yalizidi kupanuka, wafanyabiashara waliwanunua watu katika majimbo kama Virginia na Maryland, wakawapeleka Mississippi, wengine kwa merikebu kupitia New Orleans, wengine kwa miguu, wanaume wakiwa wamefungwa minyororo. (Pamba hiyo ilitufikia hata sisi, kwa kuwa merikani iliyouzwa Unguja ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts vilivyotumia pamba ya Kusini.)

Mwaka 1833 kipindupindu kiliwaua baadhi ya watu walioletwa Natchez na mfanyabiashara Isaac Franklin, na maiti zao zikagunduliwa zimefukiwa kwa siri korongoni. Wakazi walihamaki, na baraza la mji likawakataza wafanyabiashara kama yeye kuuza watu ndani ya mpaka. Wakahamia mahali palipoitwa Njia Panda (kwa Kiingereza Forks of the Road), umbali wa kama maili moja mashariki ya mji, na wanunuzi wakawafuata huko. Amri ile iliwakinga wenye mji na ugonjwa. Waliokuwa wakiuzwa haikuwakinga na lolote.

Njia Panda hapakuwa na kawaida ya mnada. Mgeni mmoja aliyefika miaka ya 1830 alieleza kwamba wanaume walipangwa uani nusu duara, kuanzia aliye mrefu kuliko wote hadi mtoto wa miaka kama 10, wamevaa kofia nyeusi na nguo za sare, na mnunuzi aliwakagua mmoja mmoja kabla ya kupatana bei. Nguo hizo nadhifu ndizo zinazonitia uchungu zaidi, maana zilivalishwa ili bei ipande.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya Kaskazini, liliuteka mji Julai 1863, na mwaka huo huo askari weusi, ambao wengi wao walikuwa watumwa hadi juzi, walibomoa vibanda vya soko na kuzitumia mbao zake kujengea kambi yao. Eneo hilo liliingizwa katika hifadhi ya kihistoria ya taifa mwaka 2021, baada ya wazawa weusi wa Natchez kulidai kwa miaka mingi.