Laiki nyingi, mauzo hakuna: niongeze hela ya tangazo?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nashona na kuuza nguo za watoto. Mwezi uliopita nilibusti posti Facebook, yaani nililipia ili ionekane na watu wengi. Laiki zikamiminika, lakini walionunua hawafiki hata watano. Rafiki ananishauri niongeze bajeti ili tangazo liwafikie wengi zaidi. Nimsikilize?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwa sasa usiongeze hata senti. Unapolipia tangazo, Facebook hukuuliza lengo lako, kisha huwatafuta watu wenye mazoea ya kufanya jambo hilo. Inaelekea ulichagua lengo la kupata laiki na maoni, ndiyo maana umeletewa mabingwa wa kubonyeza laiki. Ukiongeza hela utaletewa wengine wa aina hiyohiyo. Safari ijayo chagua lengo la ujumbe, ili anayevutiwa aingie moja kwa moja WhatsApp kuzungumza nawe.

Ila kabla ya hapo, fungua yale maoni ya mwezi uliopita uone ulivyojibu. Mtu ameuliza "bei gani?", nawe ukamwandikia "njoo inboksi"? Wauzaji wengi hufanya hivyo na sijawahi kuelewa faida yake. Mteja aliye tayari kufungua pochi hataki kufukuzia bei. Taja bei ndani ya tangazo lenyewe, pamoja na saizi zilizopo. Akiandika, mjibu mapema kwa kitu kinachomsogeza mbele: "Gauni hili lipo la miaka 2 hadi 6. Mtoto wako ana umri gani, nikuangalizie rangi zilizobaki?" Programu ya WhatsApp Business ina sehemu ya majibu ya haraka na lebo za kuwapanga wateja, na kuipakua ni bure.

Sasa hesabu. Tuseme tangazo limeleta watu 40 kwenye WhatsApp, na 5 wakanunua. Chukua hela yote uliyolipia tangazo, gawanya kwa 5. Hiyo ndiyo gharama ya kumpata mteja mmoja. Ilinganishe na faida unayobaki nayo kwenye nguo baada ya kutoa kitambaa, uzi na muda wako, wala si na bei ya kuuzia. Gharama ikizidi faida, kila mauzo yanakutia hasara, hata simu iite kutwa nzima. Ili usichanganye wateja wa tangazo na waliokuja kwa njia nyingine, kila tangazo lipe neno lake, mfano "GAUNI1", na umwombe mteja alitaje apate punguzo dogo. Wafanyabiashara walikuwa wakifanya hivi kwa kuponi za magazetini zamani sana kabla ya intaneti.

Jambo jingine: usilichokoechokoe tangazo kila siku. Mfumo wa Meta, kampuni inayomiliki Facebook, huhitaji takriban matokeo 50 (mfano ujumbe 50 wa wateja) ndani ya siku 7 ili ujifunze wa kumwonyesha tangazo na utulie, na mabadiliko makubwa huurudisha mwanzo. Kwa bajeti ndogo, tangazo moja lenye picha ya mtoto aliyevaa nguo ni bora kuliko matano yanayogawana hela kidogo.

Bajeti utaiongeza gharama ya mteja ikishuka chini ya faida, tena kidogokidogo. Wakati huohuo andika saizi aliyonunua kila mteja na tarehe. Watoto wanakua haraka. Baada ya miezi kadhaa mtumie ujumbe mama yake, umwulize kama gauni limeanza kumbana.