Mwalimu, hiyo posti usiitume usiku huu

Mwalimu wa Nakuru, weka simu chini. Umetuambia shule ya kibinafsi uliyokuwa ukifunza imekufuta kazi na bado imekalia mishahara yako, na leo usiku unataka kumwaga kila kitu Facebook: mkurugenzi ni mwizi, picha za rejista, na shule hutaitaja, utasema tu "ile ya mabasi ya zambarau". Umeuliza kama sheria inaruhusu, na kama ufungue akaunti bandia. Nimesoma nikahisi jasho. Hiyo njia nimeipita mimi, na ilinila.

Nilikuwa mtu wa stoo kwenye holseli moja hapa Kisumu. Slipu ya mshahara ilionyesha makato ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kila mwezi, lakini nilipoangalia akaunti yangu kule, miezi mingi ilikuwa mitupu. Nilikuwa nadai pia likizo na notisi. Madai safi, yote yana karatasi. Mtu mwenye akili angebeba bahasha yake akaenda leba, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Mimi nikaenda kukaa Kondele na yule jamaa ambaye hakosi kwenye kijiwe chochote, mwenye Katiba nzima kwenye simu. Akaniambia niandike tu, Ibara ya 33, ile ya uhuru wa kujieleza, inanilinda, na kwamba sheria ya kufunga watu kwa kuchafua jina ilishakufa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakudanganya. Ni kweli Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kwa hiyo jela ya kashfa, yaani kuchafua jina, kwa kifungu hicho hakuna. Lakini bingwa wetu alisoma nusu ukurasa. Ibara hiyo hiyo ya 33, shuka kidogo, inakutaka uheshimu haki na sifa za wengine. Na kesi ya madai, ile ya kutoa pesa, haikuguswa na yeyote. Iko palepale kwenye Sheria ya Kashfa, Sura ya 36. Barua ya wakili ilipofika nikampigia simu, akasema yuko matangani Siaya. Matanga hayo bado hayajaisha, maana simu zangu hashiki mpaka leo.

Sasa sikiliza mahali nilipoungulia. Nilimtaja meneja kwa jina nikaandika kwamba ameiba pesa zetu za NSSF. Wizi, kwa sheria yetu, unaweza kukupa kifungo cha miaka mitatu. Na kile kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinasema ukimsingizia mtu kosa la uzito huo ukashindwa kesi, korti haiwezi kukadiria fidia iliyo chini ya shilingi 400,000. Ukimsingizia kosa la kunyongwa, haishuki chini ya milioni 1. Ukiniuza mimi, baiskeli na kuku wa mamangu, laki nne hazifiki.

Na usidhani meneja ndiye atakayesimama kuonyesha kwamba hakuiba. Ni wewe utakayesimama kuonyesha aliiba. Karatasi za kuonyesha makato hayakufika NSSF nilikuwa nazo. Za kuonyesha meneja aliyatia mfukoni? Hata moja. Baadaye nikaambiwa hizo pesa hata hakuwa anazigusa, zilishughulikiwa na ofisi ya mwenye mali. Ukweli nilikuwa nao mkononi, nikauacha nikaandika hasira.

Wakili wao hakupiga kelele. Barua fupi: ondoa posti, omba msamaha, lipa, la sivyo tukutane kortini. Posti nilikuwa nimeshaifuta, lakini skrinishoti zilikuwa zimeambatishwa, hadi za kikundi cha WhatsApp nilichodhani ni cha marafiki. Kisha wakaniletea maneno matamu: sisi tutaacha kashfa, wewe uache madai yako. Nikasaini. NSSF, likizo, notisi, vyote vikaenda na maji. Tena kwenye ile karatasi nimekubali kutowasema vibaya tena, ndiyo maana unaona naandika "holseli moja" na wala usinifuate inbox kuuliza ni ipi. Wao ndio waliokuwa na deni langu. Mimi ndiye niliyewatafutia namna ya kutolilipa, na sikuwatoza hata shilingi kwa kazi hiyo!

Mabasi ya zambarau hayatakuficha. Wazazi wakisoma wakajua ni shule gani, umeitaja. Akaunti bandia nayo, hebu niambie, ni nani mwingine pale anayejua kwa kina hivyo mishahara ambayo wewe hukulipwa? Rejista zina majina ya watoto wa watu, utajitafutia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 juu.

Najua kuna mtu hapa chini atakuja kusema "lakini ni ukweli". Ukweli ni kinga, sawa, ila ule unaoweza kuuweka mezani. "Mshahara wa Machi sikulipwa, benki inaonyesha" unasimama. "Mkurugenzi ni mwizi" utakuangusha.

Leba kwanza, Mwalimu. Leba, kisha korti. Una miaka mitatu ya kufungua kesi ya kazi kortini. Wao kukushtaki kwa kashfa wana miezi 12, na hiyo miezi inaanza siku ukichapisha. Sasa kwa nini wewe mwenye muda uwe ndiye mwenye haraka? Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi iko hapo hapo Nakuru, na ikiona ulifutwa isivyo haki inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Unachokiandika kwenye hati ya madai kule, hata kiwe kikali namna gani, kina kinga, hawawezi kukigeuza kesi ya kashfa. Huko ndiko kwa kumwaga. Andika mpaka wakili wako akuombe upunguze.

Umesema rasimu iko tayari. Jina la mkurugenzi limo? Litoe sasa hivi, kisha urudi hapa useme umelitoa.