Unayesubiri Led Zeppelin warudiane, keti nikwambie

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. "Kaka, safari hii kweli. Wanarudi!" Alikuwa ametoka kutazama Becoming Led Zeppelin, ile filamu ya mwaka 2025 juu ya bendi ya roki ya Uingereza, Led Zeppelin. Kawaona mpiga gitaa Jimmy Page, mwimbaji Robert Plant na mpiga besi John Paul Jones wote watatu wanasimulia, akaona basi, waliokubali kuonekana kwenye filamu moja hawashindwi kupanda jukwaa moja. Nikamwambia airudie, safari hii aangalie viti. Kila mzee kahojiwa peke yake.

Hakufurahi. Nami namwelewa, maana ugonjwa huo nimeugua miaka mingi, ukanila pesa na usingizi. Haya ninayoandika ni yake, na ya yeyote anayefungua simu asubuhi kutafuta kama Plant amebadilisha mawazo.

Mimi niliambukizwa na mjomba. Alikuwa baharia, na kila meli ilipomrudisha Tanga alishuka na kanda mbili tatu ambazo hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nazo. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo alikuwa akiniambia, "Mjomba, sikiliza hizo drams." Drams zenyewe ni za John Bonham, aliyefariki Septemba 25, 1980, akiwa na miaka 32. Desemba ya mwaka huohuo wenzake walitoa tamko fupi kwamba hawawezi kuendelea kama walivyokuwa. Mjomba alinieleza hilo kwa sentensi moja: "Hao walizikwa na mpiga drams wao." Nilikuwa mtoto, nikadhani anatia chumvi.

Songa mbele hadi 2007. Niko London, mchana nasoma, usiku napanga maboksi ghalani. Septemba ikatangazwa kwamba Led Zeppelin watapiga onyesho moja kwenye ukumbi wa O2, na mtoto wa marehemu, Jason Bonham, atakaa kwenye drams za baba yake. Tiketi pauni 125, na zinatoka kwa bahati nasibu. Ukumbi unaingiza watu wapatao 20,000. Waandaaji walisema maombi yalipita milioni 20. Niliandikisha jina langu, na la jamaa niliyepanga naye chumba, ambaye yeye na muziki wa roki ni mbali na mbali. Hakuna aliyepata. Mtu mmoja alilipa pauni 83,000 kwa tiketi mbili kwenye mnada wa hisani. Mimi mshahara wangu wa wiki ungetosha labda kununua kivuli cha kiti.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nikampata mtu, kwa maelekezo ya mtu, anayedai ana tiketi ya ziada. Akataka pauni 200 za kushikia nafasi, zilizobaki nimpe mlangoni. Nikampa. Onyesho lilikuwa Novemba 26, likasogezwa hadi Desemba 10 kwa sababu Page alivunjika kidole, na mimi nikaona heri, nimepata wiki mbili za kutafuta pesa iliyobaki. Nilichokuwa sijui ni kwamba tiketi zile ziliuzwa kwa jina, na mwenye jina alitakiwa kufika mwenyewe na kitambulisho chake. Hata yule jamaa angekuwa mkweli, nisingeingia. Hakuwa mkweli. Jioni ya Desemba 10 simu yake haikupatikana, nami nikasimama nje ya kituo cha North Greenwich, jirani na ukumbi, kwenye baridi hadi watu walipoanza kutoka, fulana mpya mabegani, nyuso zao kama za watu waliotoka hija.

Kwa hiyo la kwanza, mdogo wangu: usitoe hata senti kwa ajili ya onyesho ambalo bendi yenyewe haijalitangaza, na likitangazwa, soma masharti ya tiketi kabla hujamtafuta mlanguzi. Tiketi yenye jina la mtu mwingine ni karatasi tu.

Lakini zile pauni 200 haziniumi sana. Kinachoniuma ni Mei 2008. Baada ya usiku ule wa O2 tetesi zilivuma kuliko kusi. Watakwenda Marekani, watazunguka dunia, majukwaa tayari yanajengwa. Wakati huohuo Plant alikuwa safarini na mwimbaji wa Marekani Alison Krauss, wakipiga nyimbo za albamu yao Raising Sand, na safari hiyo ikapita Wembley Arena, mwendo wa treni kutoka kwangu. Tiketi zilikuwepo na pesa nilikuwa nayo. Nikasema, huyu nitamwona mwakani akiwa na wenzake, acha niweke akiba. Nikanunua mpaka kopo la kuwekea.

Mwakani huo haukufika. Septemba 2008 Plant alitoa tamko kwamba hatakwenda ziara yoyote na Led Zeppelin, na kwamba hadithi hiyo kuibuka kila mara ni kero na ni kichekesho. Page, Jones na Jason walishaendelea na mazoezi, wakawajaribu waimbaji wengine, Steven Tyler wa Aerosmith na Myles Kennedy. Januari 2009 meneja wa Page akatangaza kwamba yamekwisha. Mwezi uliofuata Plant na Krauss wakabeba tuzo tano za Grammy, ikiwemo ya albamu ya mwaka. Nikaangalia kopo langu.

Sasa jinsi ya kuzipima hizi tetesi, maana zitakuja tu. Sisi Waswahili tunalo neno zuri kwa jambo hili: kurudiana. Mke akipewa talaka rejea, watu wa mtaani hawakimbilii kusema imekwisha, wanaangalia dalili. Nani anatuma salamu kwa nani? Nani bado anaweka nguo zake kule? Page tangu 2008 ni yule mume anayepita mbele ya nyumba kila jioni. Akiulizwa na mwandishi yeyote wa muziki, jibu la Page halifungi mlango. Plant yeye keshahama, keshaoa, kapaka nyumba mpya rangi. Kwa hiyo habari yoyote inayoanza na "Page adokeza" ipite kama mvua ya rasharasha. Wa kumsikiliza ni mmoja tu, asiyetaka, kwa sababu ndoa hairejewi na mtu mmoja.

Pesa nazo usizipe uzito mkubwa. Novemba 2014 gazeti moja la Uingereza liliandika kwamba tajiri Richard Branson kawawekea mezani pauni milioni 500 na Plant akaichana mikataba. Dunia nzima ikanukuu. Msemaji wa Plant akasema ni upuuzi, na upande wa Branson nao ukakana. Mimi usiku ule nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani kumwambia mjomba, mbio kuliko waliokana. Januari 2018, mwaka wa kutimiza miaka 50 ya bendi, Plant aliweka maneno mawili matatu ya kuashiria kwamba kuna kitu kinakuja karibuni. Mashabiki tukashona suruali. Kilichokuja kilikuwa rekodi ya onyesho lake mwenyewe na bendi yake mwenyewe. Hakudanganya mtu, ni sisi tuliosoma tulichotaka.

Halafu jiulize kwa nini 2007 iliwezekana. Ahmet Ertegun, mmoja wa waanzilishi wa Atlantic Records, kampuni iliyowasaini mwaka 1968, alifariki Desemba 2006. Onyesho la O2 lilikuwa la kumuenzi, na mapato yalikwenda kwenye mfuko wa elimu wenye jina lake. Ukiniuliza mimi, ile ilikuwa hitma. Ndugu waliokosana hukaa jamvi moja kwenye hitma ya mzee, wakala pilau, wakaulizana hali za watoto, na jioni kila mtu akarudi kwake. Waliotazama wakadhani ugomvi umekwisha. Angalia na matukio mengine ya kupanda jukwaani pamoja: Mei 1988 ilikuwa sherehe ya miaka 40 ya Atlantic, Januari 1995 ilikuwa siku ya kuingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki. Kila mara kuna shughuli ya siku moja. Hiyo ya 1995 Jones aliwashukuru rafiki zake kwa kukumbuka hatimaye namba yake ya simu, kwa sababu mwaka uliotangulia Page na Plant walikuwa wameanza kazi ya pamoja bila yeye. Watu walicheka. Mimi ningekuwa Page nisingecheka.

Nikisikia tetesi siku hizi nauliza vitu vichache tu. Shughuli yenyewe ni ipi? Mwimbaji ana kazi gani mwezi huo? Nani atapiga drams, na amefanya nao mazoezi muda gani? Kwa O2 walifanya mazoezi ya wiki kadhaa, na baadhi ya nyimbo zikashushwa ufunguo ili Plant azifikie, akiwa na miaka 59. Leo ameshapita 75, Page ameshapita 80. Na bila mazoezi tunajua kinachotokea. Tamasha la hisani la Live Aid, Philadelphia, Julai 13, 1985: Phil Collins katua na ndege ya Concorde kutoka London, kaungana na Tony Thompson kwenye drams, gitaa la Page halijakaa sawa, sauti ya Plant imekauka. Wenyewe waliaibika kiasi kwamba DVD ya Live Aid ilipotoka 2004 walikataa sehemu yao isiwekwe. Hilo nalo lilikuwa kurudiana. Lilitokea, na wengi waliolisubiri walitamani lisingetokea.

Mpenzi wa dansi wa nyumbani angeshangaa kwa nini naandika yote haya. Yeye kazoea mwanamuziki kuhama bendi Jumatatu na Ijumaa yuko jukwaa jingine, naye anamfuata huko na viatu vyake vya kuchezea. Mashabiki wa roki tungemuiga yule. Jones mwaka 2009 alikuwa anapiga besi na Dave Grohl na Josh Homme kwenye bendi ya Them Crooked Vultures, kelele za kupendeza kabisa, na mimi nilikuwa nyumbani nikisoma uvumi.

Nilijirekebisha nimechelewa. Desemba 2017 nilikata tiketi ya Plant, Royal Albert Hall, viti vya juu kabisa ambako unaona upara wa waliokaa chini. Aliimba zaidi nyimbo zake mpya. Za zamani zilikuja chache, zimegeuzwa, zimevaa ngoma na nyuzi ambazo hazimo kwenye kanda za mjomba, na mara mbili nilichelewa kuutambua wimbo ninaoujua tangu sijaanza shule. Nilirekodi nusu dakika kwa simu, picha inatikisika, nikamtumia mjomba Tanga. Sikio lake moja lilikufa kwenye chumba cha injini, kwa hiyo nilijua ataiweka simu upande wa kulia na kuirudia.

Jibu lilikuja asubuhi. "Sauti imeshuka, mjomba. Ila drams hizo, muulize kijana huyo kajifunzia wapi."

Nikamwandikia kwamba sijui, lakini mwakani wakipita tena nitakwenda kumsikiliza.