Re: Ile rangi ya kahawia mbele ya delta ya Rufiji ni uchafu?

Mkuu hapana, hiyo kahawia unayoiona baharini kwenye picha ya setilaiti sio uchafu, ni matope, mto unayazoa huko bara na masika ikichanganya yanasambaa kuelekea upande wa kisiwa cha Mafia. Kijani iliyokolea kandokando ya mikondo ndo mikoko yenyewe, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Sasa vuta picha karibu uangalie vile viraka vyepesi katikati ya kijani, vingi ni mashamba ya mpunga, mikoko imefyekwa, na hapo mi roho inaniuma kweli maana kamba wadogo wanakulia humo humo kwenye mizizi. Halafu bwawa la Nyerere, lile la umeme huko juu kwenye mto huo huo wa Rufiji, lilianza kujazwa Desemba 2022 na mabwawa huwa yanabakiza matope nyuma, kwa hiyo tafuta picha za masika za kabla na baada ya hapo uzilinganishe uone kama hiyo kahawia imepungua.